Sauti Nyuma ya Magari

Ukimuuliza mtu wa Kilindoni kazi ya Jawad mtoto wa Hyderali, atakwambia anapiga picha za pasipoti na kutoa kopi. Si uongo. Lakini picha na kopi zilikuwa za kumfanya asionekane mvivu mbele za watu. Kazi aliyoipenda, ile iliyomsahaulisha chai ikapoa mezani na mama yake Noorjehan akagomba mpaka akachoka mwenyewe, ilikuwa kurekodi gemu.

Watu walimcheka. Mtu mzima, ndevu zimemtoka, anashinda chumbani anaangalia magari ya katuni! Waliendelea kumcheka mpaka walipoyaona magari yenyewe.

Chumba kile cha kando ya duka, zamani baba yake alikiwekea televisheni na mashine za gemu, watoto wakija kucheza baada ya shule. Lakini hewa ya chumvi ya kisiwa cha Mafia haina huruma na kitu chenye waya. Mashine zikaanza kuota kutu ndani kwa ndani, moja ikagoma kusoma sidii, nyingine ikawa inawaka na kuzimika, hadi ya mwisho ikafa kimya. Mwingine angezitupa. Jawad alizihamisha zile gemu zote ndani ya kompyuta, akatafuta emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijione yenyewe ndiyo mashine ya gemu. Na hapo ndipo alipogundua jambo lililomtia wazimu: kompyuta ilikuwa inaichora ile gemu upya, kubwa mara nyingi kuliko ilivyokuwa. Gari ambalo kwenye televisheni ya baba yake lilikuwa vijisanduku vya rangi, sasa lilikuwa na mataa, vioo, na maandishi kwenye tairi ungeweza kuyasoma. Alikaa mbele ya kioo akajisikia kulia, na hakuona haya kuwaambia watu hivyo.

Basi akaanza kurekodi. Sasa kompyuta ile, kuichezesha gemu kwa ukubwa ule na kuirekodi wakati huohuo, ilikuwa kuibebesha mizigo miwili kichwani. Ikipata joto tu, picha zinaanza kurukaruka, na video yote inaharibika. Jawad aliivua ubavu, akaielekezea feni, na akaliacha wazi dirisha la upande wa barabarani ili joto litoke.

Chini ya dirisha lile ndipo palipo na baraza. Baraza la kina Hyderali lilijengwa na babu yao, la mawe na chokaa, na watu hukaa pale bila kumuomba mtu. Wanazungumza yao. Mwenye nyumba akiwa ndani anasikia, na anajifanya hasikii, na kinachosemwa pale hakiendi mbali na pale. Ndiyo adabu ya mahali, na Jawad alilelewa nayo.

Kilichokuwa hakina adabu hiyo ni maikrofoni. Aliiagiza Dar, nzuri, inasikia hata mjusi akitembea ukutani. Mwanzoni alikuwa akitangaza kwa Kiswahili kama mpira: sasa anakata kona, sasa anampita mwenzake. Aliipanga kazi kwa ustadi, sauti ya gemu ikiingia kwenye mkondo wake na ya maikrofoni kwenye mkondo wake, ili baadaye aipandishe hii na kuishusha ile apendavyo. Kisha watazamaji wa mbali huko mtandaoni wakamwandikia kwamba wanapenda zile sauti za nje zinazosikika kwa chini, jogoo, adhana, kengele ya baiskeli. Kichwa kikamvimba. Tangu hapo akawa hasemi sana. Anaiacha maikrofoni wazi, kisiwa kijisemee.

Na jambo jingine ulijue. Intaneti kule ni ghali na inajikongoja, kwa hiyo watu wa Kilindoni hawasubiri kutazama mtandaoni. Wanakuja na memori kadi zao, wanasema, "Jawad, niwekee." Anawawekea. Video ikiwa bado haijamaliza kupanda mtandaoni, imeshaingia kwenye simu za nusu ya mji, na kutoka hapo wanarushiana wao kwa wao mpaka Utende na Jibondo.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto. Jawad alimaliza mbio ndefu, ndefu kuliko zote katika ile gemu, akaiweka irudie yenyewe tangu mwanzo huku kompyuta ikirekodi. Adhuhuri ikaadhiniwa. Akafunga mlango wa duka, akaacha dirisha wazi kwa sababu ya joto, akaenda kuswali na kula. Aliporudi, mbio zilikuwa zimekwisha na hakuna hata picha moja iliyoruka. Alifurahi mno. Aliikagua mwanzo hadi mwisho kwa macho, kwa kupeleka mbele mbele, na hakuvaa hata spika za masikioni. Mtu wa picha huangalia picha.

Haukupita muda, watu wa hifadhi ya bahari na polisi wakaenda Ras Kisimani. Hawakuzunguka, hawakupekua pekua. Walitembea moja kwa moja hadi kwenye magofu, wakachimba chini ya ukuta mmoja, wakatoa baruti ya kuvulia samaki. Wanaume wawili wakakamatwa na boti ikachukuliwa. Boti ilikuwa ya Fakihi, na kila mtu alijua ni yake, ingawa siku hiyo yeye alikuwa Kilindoni amekaa anakunywa kahawa.

Wale wale waliokuwa wakilalamika kila siku kwamba baruti inamaliza matumbawe na samaki wadogo, walibadilika ghafla. Hawakuuliza tena baruti ilikuwa ya nini. Waliuliza nani kasema. Kule Jibondo mtu mmoja alishukiwa, wala hakuwa yeye, wakamvizia njiani wakampiga mpaka akapoteza jicho. Baada ya hapo mji ulitulia kwa namna mbaya, watu wakawa wanasalimiana huku wakitazamana.

Katikati ya utulivu huo Shaabani akafariki. Presha, wakasema hospitalini. Alikuwa mtu wa mashua, mcheshi, hakosi siku kwenye lile baraza, na ndiye aliyekuwa akimwita Jawad "bwana magari". Alizikwa na watu wengi sana. Mkewe Mwanahalima akaingia eda, na ile mashua ikabaki ndiyo ya kumlisha yeye na watoto, akiikodisha kwa wavuvi.

Ndipo Jawad akaitoa ile video ya mbio ndefu, aliyokuwa ameiweka akiba. Watu wakaipenda. Memori kadi zilikuja kwa fungu.

Aliyeigundua sauti alikuwa Fredy, kijana wa bara anayeendesha bodaboda, aliyekuja kutoa kopi ya leseni. Alikuwa amesimama kwenye kaunta anatazama magari kwenye simu yake. Akacheka.

"Bro Jawad, humu ndani kuna wazee wanapiga stori."

"Wazee gani?"

"Sikiliza hapa, magari yakiingia kwenye handaki. Umesikia? Ras Kisimani. Sikiliza tena. Baruti."

Jawad alisikia. Alimpa Fredy kopi zake, akasema anasikia kichwa kinamuuma, akafunga duka. Chumbani akavaa spika za masikioni, akaufungua mkondo wa maikrofoni peke yake na kuyanyamazisha magari yote.

Kila neno lilikuwa safi. Kwanza kikohozi, kisha sauti nzito ya Mzee Hemedi, mtu wa Jibondo aliyehamia Kilindoni kwa binti yake.

"Baruti wameichimbia chini, mwanangu, Ras Kisimani. Ukuta ule ulioanguka upande. Boti ya Fakihi ndiyo inayoipeleka."

Ya pili ilikuwa ya Costantine, mtumishi wa hifadhi, mtu wa bara. "Una hakika, mzee?"

"Nimeona kwa macho yangu. Wale samaki wadogo wanaelea kama takataka, siwezi tena kunyamaza. Lakini jina langu lisitoke kinywani mwako."

"Halitatoka. Naapa kwa Mungu."

Na Costantine, tumpe haki yake, alikitunza kiapo. Wawili hawa walichagua saa ya swala, mlango wa duka ukiwa umefungwa, barabara tupu, wakakaa mahali ambapo watu wamekaa miaka yote wakaaminiana. Wangejuaje kwamba ndani kuna mashine imeachwa macho?

Jawad alivua spika za masikioni. Alilifikiria lile jicho la mtu wa Jibondo, tena la mtu ambaye hakusema kitu. Aliyesema je? Akaifuta rekodi ya asili, mikondo yote miwili. Akaifuta na mtandaoni. Zikabaki zile za kwenye memori kadi, ambamo sauti ya Hemedi ilikuwa chini ya ngurumo za injini, maneno yanasikika ukitega sikio, lakini ni ya nani huwezi kusema.

Hapo ndipo angekaa kimya. Angekaa kimya tu, ile video ingesahaulika kama nyingine zote. Lakini woga haukumpa nafasi ya kufikiri. Alitoka akazunguka mji kudai video irudishwe. Alimwambia huyu ina virusi, akamwambia yule ina kasoro, akamwambia wa tatu atampa nyingine nzuri zaidi. Wewe ulishaona wapi mtu wa Kilindoni akaombwa arudishe alichopewa bure, asijiulize kuna nini? Waliokuwa hawajaitazama wakaitafuta. Waliokuwa wameitazama wakairudia wakiwa wamefumba macho ili wasikie vizuri. Kufikia Ijumaa, kila aliyekuwa na simu alikuwa amelisikia lile handaki.

Fakihi alikuja dukani mchana kweupe, kanzu nyeupe imepigwa pasi, ananukia udi. Akasalimia vizuri. Akamuulizia Noorjehan, akamuulizia na dada yake aliyeolewa Tanga. Kisha akaiweka simu juu ya kaunta.

"Nina kazi nataka unifanyie. Niondolee magari humu, nibakie na watu."

"Haiwezekani, Bwana Fakihi. Humo sauti zimeshachanganyika. Ukitoa magari, na watu wanaondoka."

"Lakini Fredy ananiambia uliwahi kumwonyesha, wewe unayo ya kwako, zimetengana."

"Nimeifuta."

"Umeifuta kwa sababu umesikia." Fakihi alivuta kigoda akakaa, wala sauti hakuipandisha. "Nyumba yenu hii paa lake la mbao, eh? Za zamani, zimekauka. Siku hizi huzipati mbao kama hizi. Nitajie aliyesema, basi, nikuache na kazi zako."

Dirisha lilikuwa wazi. Kibarazani walikuwapo watu, na mmoja wao alikohoa. Jawad alikijua kile kikohozi. Alikuwa amekisikia kwenye spika za masikioni. Kati ya Fakihi na Mzee Hemedi palikuwa na ukuta mmoja tu wa mawe, na dirisha.

Alitafuta jina. Alilitafuta haraka kama mtu anayepapasa swichi gizani, na akalipata la mtu ambaye hawezi tena kuviziwa njiani.

"Marehemu Shaabani," alisema.

"Shaabani huyu tuliyemzika?"

"Huyo huyo. Alikuwa anaongea na mtu wa hifadhi."

Fakihi aliichukua simu yake. "Inna lillahi," alisema. "Na mimi nimembebea jeneza." Akainuka, akaaga, akashuka ngazi akiwapa mkono wote waliokuwa kibarazani, na Mzee Hemedi naye akapewa wake.

Jawad akashusha pumzi. Alijiambia maiti hapigwi, maiti hana jicho la kutolewa. Hakuwa mtu mbaya, na mimi simtetei, lakini katika hesabu yake yote ile alimsahau Mwanahalima kabisa.

Jina likaenea mjini, na mashua ya marehemu ikaanza kukosa watu wa kuikodi. Huyu anasema ameshapata nyingine, yule anasema mgongo unamuuma. Kisha asubuhi moja ikakutwa imezama pale pale ilipofungwa, chini imetobolewa kwa patasi. Ikaja hitima ya arobaini. Mwanahalima alipika pilau ya mji mzima, kwa maana mji mzima ndio uliomzika mumewe, na Jawad alipofika akakuta mikeka imetandikwa mpaka uani na watu waliokaa hawajazi hata mkeka mmoja. Mwalimu wa madrasa alisoma kwa haraka akitazama mlango. Masufuria yalirudishwa jikoni yakiwa na wali wake. Mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa amesimama na birika la kunawisha mikono, na hapakuwa na mikono. Jawad alikula, akaondoka bila kuaga.

Siku ya pili yake Mzee Hemedi alikaa kibarazani peke yake, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta chini ya dirisha. Alisema kwa sauti ya kunong'ona, bila kugeuka.

"Kwa nini umemtaja yule?"

"Ningekutaja wewe, mzee?"

"Nina wajukuu sita," alisema Hemedi. Aliendelea kuja kila siku, maana kuacha kuja kungekuwa sawa na kujitaja. Ila hakuwa akisema tena neno. Wenzake wakadhani ni uzee, au ni msiba wa rafiki.

Basi Mwanahalima alikuja. Watu walimwona tangu mbali na hawakuamini, mwanamke aliye edani kutoka nje jua likiwa utosini, amejifunika nguo nyeupe, anapita katikati ya barabara. Kibarazani walikuwa wanne, Hemedi mmoja wao na Fredy mwingine, pikipiki yake ameiegesha mbele. Mazungumzo yakakatika. Akawapita bila kuwatazama, akaingia dukani.

"Shemeji," alisema Jawad, akasimama.

"Sikuja kukaa. Wanasema wewe ndiye uliyeisikia ile sauti ikiwa safi. Mimi ninayo ya kwenye simu ya mwanangu. Nimeisikiliza, kaka Jawad, nimeisikiliza hata magari nimeyazoea. Nimelala na yule mtu miaka yote, namjua akikohoa, namjua akiguna. Yule siye. Niwekee ile safi, niwaite watu waisikie, basi."

"Nimeifuta, shemeji."

"Huna hata kipande?"

"Sina."

Alishika ukingo wa kaunta. Mikono yake ilikuwa na makovu ya mafuta ya vitumbua.

"Basi niambie wewe. Niambie ukinitazama, kwamba ni yeye."

Jawad alijua wote wanne kibarazani wametega sikio, na kwamba akisema siye, swali litakalofuata ni nani basi. Alimtazama Mwanahalima. Alitamani ardhi impasukie.

"Ni yeye," alisema.

Mwanahalima alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa dawa imekwisha. Hakumtukana. Alikaza nguo yake kichwani, akatoka. Kwenye ngazi mguu ulimteleza, akajishikiza kwenye nguzo, na hapo machozi yakamshinda. Akalia kwa sauti mbele ya wanaume, yeye aliyekuwa edani.

Mzee Hemedi hakuweza. Alikuwa ameweza siku zote zile, lakini lile hakuliweza.

"Rudi nyumbani, mwanangu," alisema. "Rudi. Usijidhalilishe hivi, mwanangu."

Kilio kikakatika. Mwanahalima alibaki ameshika nguzo, shingo ameiinamisha upande. Jawad akiwa dirishani aliuona uso wake ukibadilika, na akafungua kinywa apige kelele, aite, aangushe kitu, chochote. Hakuna kilichotoka.

"Sema tena 'mwanangu', mzee," alisema Mwanahalima.

Hemedi aliinamisha kichwa. Wawili waliokuwa kando yake walitazama barabarani. Fredy alimtazama mzee, akamtazama mjane, kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa simu, akalitafuta jina la Fakihi.